Bei Waliyoandikiana

Alois aliendesha magari ya serikali miaka thelathini na moja, lakini la kwake hakuwahi kuwa nalo. Mabosi walikuja Mpanda na kuhamishwa, yeye akabaki na funguo. Alijua kila korongo la barabara ya Kibaoni, alijua mahali ambapo tope la masika hukamata tairi na mahali ambapo tembo hupenda kuvuka. Wageni wa Kakese, kijiji alichoishi, waliomwona ndani ya Land Cruiser walidhani ana mali. Jioni gari lilibaki ofisini, naye akarudi nyumbani kwa bodaboda kama watu wengine, shati limejaa vumbi mgongoni.

Mkewe, Generosa, alikuwa mkunga. Alois alitangulia kustaafu, na pesa yake ikaishia kwenye nyumba na ada ya chuo ya binti yao Dina. Generosa alipostaafu na pesa yake kuingia, mwaka jana mwezi wa kumi na moja, walikaa sebuleni wakaipangia kazi: kubadili paa la jikoni, kununua mashine ya kukoboa mpunga, na nyingine iwe akiba. Neno gari halikutajwa.

Halafu Januari Alois akaanza kukonda. Suruali zake zikahitaji mkanda, kisha mkanda ukahitaji tundu jipya. Generosa alimpapasa tumbo kabla ya daktari yeyote, upande wa kulia chini ya mbavu, akagusa kitu kigumu ambacho hakikupaswa kuwapo pale. Walisafiri hadi hospitali ya rufaa Mbeya, Alois akapigwa picha na kutolewa damu, na siku ya tatu daktari mmoja kijana akamwita Generosa pembeni, kwa kuwa alishajua ni mwenzake wa kazi.

"Saratani ya ini, Sista," alisema kwa sauti ya chini. "Na imeshasambaa. Miezi sita, labda saba. Mitatu ya mwanzo atakuwa na nguvu zake. Baada ya hapo wewe mwenyewe unajua."

Alijua. Kwenye basi la kurudi Alois alikaa dirishani, na walipoipita Sumbawanga akamgeukia.

"Wamesema lini?" aliuliza.

"Hawajui, Baba Dina."

"Wewe unajua."

Generosa alitazama mikono yake. Miaka yote ya kazi hakuwahi kumdanganya mgonjwa aliyeuliza waziwazi. "Mwaka huu," alisema.

Alois akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa barabara ya mbele imefungwa. Kisha akasema, "Basi mimi nataka gari."

"Gari?"

"Langu. Lenye jina langu kwenye kadi. Niliendeshe mwenyewe hadi Usevya nikamsalimie kaka Apolinari, nirudi taratibu, bila mtu wa kukaa nyuma kuniambia Alois ongeza mwendo, Alois simama hapa ninunue karanga."

Generosa alicheka, na machozi yakamtoka hapohapo akicheka, mpaka abiria wa kiti cha pili akageuka kuwatazama.

Yadi ya magari ilikuwa mjini Mpanda, uwanja wa changarawe wenye uzio wa mabati na magari kumi na moja yaliyooshwa vizuri. Mwenyewe aliitwa Fredrick, mtu wa miaka arobaini hivi, mchangamfu, mwenye simu mbili mkononi. Aliwaamkia shikamoo kabla hawajavuka geti. Alois hakumsikiliza sana. Alikuwa ameshaliona gari lake, Toyota Probox nyeupe iliyoegeshwa karibu na ukuta, gari la kazi lisilo na maringo. Aliinama kutazama chini ya injini, akavuta kijiti cha oili, akakinusa, akaliwasha gari na kusimama kando yake ameinamisha kichwa, anasikiliza. Generosa hakuwa amemwona akisimama hivyo tangu Januari.

"Hii nzima," alisema Alois.

Walibishana bei nusu saa, Alois na Fredrick, kwa vicheko na kupigana mabega. Wakafika milioni kumi na nne. Generosa angetoa kumi siku hiyohiyo, na nne zilizobaki siku ya kukabidhiwa gari, kadi ikishabadilishwa jina, baada ya wiki mbili. Mkataba uliandikwa palepale ofisini kwa kompyuta. Alois, ambaye alishaona mengi akiwaendesha wakubwa, aliomba mstari mmoja uongezwe: bei hii haitabadilika. Fredrick akaucheka mstari huo, akauandika. Generosa alisaini kama mnunuzi kwa sababu pesa ilitoka kwenye akaunti yake. Akapewa risiti yenye mhuri.

Fredrick hakuambiwa kuhusu ugonjwa. Kwa nini aambiwe? Walikwenda kununua gari.

Wiki hizo mbili Alois alikuwa mtu mwingine. Alifyeka nyasi kando ya nyumba na kutandaza moramu, kifusi cha barabarani, ili gari lipate pa kusimama. Alimpigia simu kaka yake Usevya kila jioni, wakapanga samaki gani apikwe. Alikuwa na nguvu. Generosa alizihesabu siku hizo zenye nguvu, akaona zinatosha.

Siku ya kumi na tatu Fredrick alipiga simu.

"Mama yangu, gari liko tayari. Ila kuna kitu kidogo. Dola imepanda sana hapa katikati. Gari hilo sasa hivi linakwenda kwa kumi na sita na laki saba. Kwa hiyo utakapokuja, badala ya ile nne, uje na sita na laki saba tumalizane."

Generosa alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini. "Tuliandikiana kumi na nne."

"Tuliandikiana, Mama, sikatai. Lakini biashara inakwenda na soko. Nikikuuzia kwa bei ya zamani siwezi kuagiza jingine. Na kuna mteja wa Inyonga amesimama hapa na pesa taslimu. Mimi nakuheshimu tu, ndiyo maana nakupigia wewe kwanza."

"Na kama sina?"

"Basi nakurudishia yako. Nitakata asilimia kumi tu ya usumbufu."

Alipomweleza mumewe, Alois alisimama kutoka kwenye kiti kwa haraka ambayo Generosa hakuitegemea. "Asilimia kumi? Milioni nzima kwa kunidanganya? Usimwongezee hata shilingi, Mama Dina. Si ameandika mwenyewe?"

Wangeweza kumpa. Hilo ndilo jambo ambalo Generosa alilirudia kichwani baadaye kuliko mengine yote. Pesa ya mashine ya kukoboa ilikuwa bado ipo. Lakini siku ile alikuwa na hasira, mumewe alikuwa na hasira, na wote wawili walikuwa na karatasi iliyosainiwa. Aliona ni jambo la wiki moja. Mtu akionyeshwa mkataba wake mwenyewe, atarudi nyuma.

Alikwenda yadi peke yake. Fredrick alimkaribisha soda, akausoma mkataba wake mwenyewe kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine, akaurudisha mezani. "Nenda kokote, Mama. Utanikuta hapa."

Polisi walimwambia hilo ni suala la madai, halina jinai, aende mahakamani. Askari aliyesema hivyo alikuwa mwanamke, na alisema kwa huruma. Akamwelekeza kwa msaidizi wa kisheria mmoja karibu na soko, mwanamke wa makamo aitwaye Pudensiana, aliyefanyia kazi kwenye chumba chenye meza moja na benchi moja lililojaa watu wa migogoro ya mashamba.

Pudensiana aliusoma mkataba mara mbili, kidole kikifuata mistari. "Haya ndiyo ninayotaka watu waje nayo," alisema. "Bei imeandikwa. Pesa imepokelewa. Gari lilikuwepo siku ile?"

"Lilikuwepo. Mume wangu aliliwasha."

"Basi sikiliza, Mama. Mkiafikiana mkasaini, mmoja hawezi kuamka asubuhi akabadilisha bei peke yake. Una haki ya gari kwa bei ileile. Usipolitaka tena, una haki ya pesa yako yote, bila kukatwa hata senti. Hiyo asilimia kumi ameiandika wapi humu? Hakuna. Tunamwandikia barua, tunampa siku saba. Akikaa kimya tunafungua shauri mahakama ya mwanzo."

"Shauri linachukua muda gani?"

Pudensiana alimtazama. "Una haraka?"

Generosa aliona kwamba akiutaja ugonjwa pale, utakuwa wa kweli kuliko ulivyokuwa nyumbani. "Kidogo," alisema.

Siku saba zikapita bila jibu. Shauri likafunguliwa mwanzoni mwa Mei. Tarehe ya kwanza Fredrick hakutokea. Ikasemekana wito haukumfikia. Tarehe ya pili hakimu alikuwa na udhuru. Generosa alikaa kwenye benchi la nje ya mahakama, mkoba mapajani, pamoja na watu waliogombea mbuzi na mipaka ya viwanja, akahesabu. Mpunga wa Kakese ulikuwa umeanza kuvunwa. Nyumbani Alois alikuwa ameacha kula ugali. Alikunywa uji, na macho yake yalikuwa yameanza kugeuka manjano.

Dina alipiga simu kutoka Dodoma analia. "Mama, mpe tu hiyo pesa. Nitakutumia mimi nusu."

"Baba yako amekataa."

"Baba au wewe?"

Usiku huo Generosa hakumweleza mumewe kuhusu simu hiyo.

Ilikuwa Jumapili moja ya Juni, baada ya watu wa jumuiya kuja kusali na kuondoka, Alois akiwa amelala kwenye mkeka barazani na mto chini ya mgongo. Alikuwa anaitazama ile sehemu aliyoitandaza moramu. Magugu yalishaanza kuota tena.

"Mama Dina," alisema, "kwani tungempa tu, ingekuwaje?"

Alisema bila lawama, kama anavyouliza mtu kama mvua itanyesha. Generosa alikuwa anamkanda miguu iliyovimba. Mikono yake ilisimama.

"Nikampe kesho?" aliuliza.

Alois alifikiri. Alipumua mara kadhaa. "Sasa hivi hata ukimpa, sijui kama nitafika Kibaoni." Akafumba macho. "Acha. Umeshafika mbali. Maliza."

Kesho yake asubuhi alikwenda yadi hata hivyo, bila kumuaga mumewe, na pesa yote kwenye mkoba, zile nne na zile za nyongeza. Fredrick hakuwepo. Alikuwa amesafiri kwenda Dar es Salaam kufuata magari, atarudi baada ya wiki mbili, na aliyeachiwa ofisi hakuwa na ruhusa ya kutoa gari lenye kesi. Probox ilikuwa palepale ukutani, vumbi limefunika kioo. Yule mteja wa Inyonga hakuwa amelichukua. Huenda hakuwahi kuwepo. Generosa alisimama pale jua likimchoma kisogo, akiwa na pesa ambayo hakuna wa kuipokea, kisha akapanda bodaboda akarudi kumpikia mumewe uji.

Shauri lilisikilizwa katikati ya Julai. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Aliusoma mkataba, akaiangalia risiti, akamgeukia Fredrick.

"Siku mnasaini, gari lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa yadi, Mheshimiwa."

"Ushuru wake ulikuwa umelipwa?"

"Ulishalipwa, Mheshimiwa."

"Sasa hiyo dola iliyopanda baadaye iliingiaje kwenye gari lililokwisha kufika Mpanda?"

Fredrick akaanza kueleza habari za kuagiza mzigo mwingine. Hakimu akainua mkono. "Mzigo mwingine haumo humu. Na huu mstari, bei hii haitabadilika, nani aliuandika?"

"Mimi, Mheshimiwa."

Watu wa kwenye mabenchi wakacheka. Generosa hakucheka. Wiki iliyofuata hukumu ikasomwa: Fredrick akabidhi gari kwa bei ya mkataba ndani ya siku saba, na amlipe mdai gharama za kesi. Pudensiana alimkumbatia Generosa nje ya mahakama, akamwambia angependa kila mwanamke wa Mpanda ausikie uamuzi huo. Generosa alimshukuru sana. Alikuwa anatafuta bodaboda.

Fredrick alilileta gari mwenyewe, siku ya tano. Pengine alitaka kuonyesha uungwana, pengine aliogopa kuongezewa gharama. Alilisimamisha kwenye magugu kando ya nyumba, akashuka na kadi mkononi, yenye jina la Alois kama walivyokubaliana. Kisha akamwona Alois barazani, akasimama.

Mtu aliyebishana naye bei kwa vicheko alikuwa amebaki mifupa na tumbo. Ngozi yake ilikuwa ya manjano.

"Shikamoo mzee," alisema Fredrick.

"Marahaba." Alois alikuwa analitazama gari. "Nipelekeni."

Walimbeba wawili, jirani yao Kasimiri na Fredrick mwenyewe, wakamkalisha kwenye kiti cha dereva. Generosa akaingia upande wa pili. Alois aliweka mikono kwenye usukani, saa tisa na saa tatu, kama alivyofundishwa ujanani.

"Kiti kiko mbele sana," alisema.

Generosa alipapasa chini akapata chuma, akakisukuma kiti nyuma. Alois akauzungusha ufunguo. Injini ikawaka mara moja. Alisikiliza, kichwa kimeinama, na kwa dakika chache uso wake ulikuwa uso wa siku ile ya yadi. Mguu wake wa kulia ulitafuta breki, ukaigusa, ukajaribu kuikandamiza. Haukuweza. Akajaribu tena, mkono umeshika goti kuusaidia. Jasho likamtoka kwenye paji.

"Taratibu, Baba Dina. Tukae tu."

Wakakaa. Mbele yao kulikuwa na ukuta wa jiko na kuku wawili. Alois aliwasha taa za kuonyesha kulia, zikapepesa, akazizima. Akawasha waipa, zikafuta kioo kikavu mara mbili.

"Gari zuri," alisema mwishowe. "Zima. Tusimalize mafuta."

Walipokwisha kumrudisha mkekani, Fredrick alimfuata Generosa hadi karibu na bomba la maji. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama, sikujua mzee anaumwa hivi. Ungeniambia. Wallahi ningekuachia siku ileile."

Generosa alimtazama. "Bei tuliyoandikiana haikuwa ya mgonjwa wala ya mzima," alisema. "Ilikuwa ya gari."

Akamhesabia zile milioni nne. Fredrick hakutaka kuzipokea zote. Generosa akamwekea mkononi na kumfunga vidole.

Alois alifariki siku tisa baadaye, asubuhi, Generosa akiwa amemshika mkono na Dina amekaa miguuni. Kaka yake Apolinari alikuja na watu wa Usevya kwenye lori la mpunga. Walimzika Kakese. Katika ibada padri alisema marehemu alikuwa mwendeshaji mwema, hakuwahi kumwangusha mtu, na wazee waliowahi kupanda naye wakaitikia kwa sauti za chini. Fredrick alikuja akakaa nyuma kabisa. Hakuna aliyemsemesha.

Mwezi wa kumi, mwanamke mmoja aitwaye Recho alifika nyumbani na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa mkulima wa mpunga, mwenye watoto wanne. Alikuwa amelipia nusu ya bei ya pawatila, trekta dogo la kusukuma kwa mkono, kwa muuzaji mwingine mjini, sasa muuzaji anataka laki nane zaidi. Watu wamemwambia kuna mama wa Kakese aliyeshinda.

Generosa aliisoma karatasi barazani. "Una haki," alisema. "Bei imeandikwa, sahihi ipo. Nitakupeleka kwa Pudensiana. Utamwandikia barua ya siku saba, kisha shauri." Akasita. "Kulima unaanza lini?"

"Mvua zikishika. Novemba mwishoni, Desemba."

"Basi sikiliza nikwambie kweli. Utashinda. Lakini msimu unaweza kupita kabla hujalipata."

Recho akaikunja karatasi taratibu. "Ungekuwa wewe, Mama, ungefanyaje?"

Generosa aliitazama Probox kando ya nyumba, ambayo hakujua kuiendesha.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Kila siku najiuliza, na sijui."

Recho alifikiri. Alipangusa mikono kwenye khanga yake. "Mimi nitakwenda mahakamani," alisema. "Msimu huu nitalima kwa jembe. Mwakani msimu utarudi."

"Ndiyo," alisema Generosa. "Msimu unarudi."

Akaingia ndani kubadili viatu, wakatoka pamoja kutafuta usafiri wa kwenda mjini.